Gemu Darasani: Kitambaa cha Macho au Ukurasa wa Mipangilio?

Lipo wazo linalonipendeza, na papo hapo linanitia hofu: kuwafundisha wanafunzi habari za ulemavu na ujumuishi kwa kutumia gemu za kompyuta. Linanipendeza kwa sababu kijana wa kidato cha pili anaweza kusinzia kwenye hotuba, lakini hasinzii akiwa ameshika pedi ya gemu. Linanitia hofu kwa sababu nia njema ya namna hii inaweza kumwacha mtu mwenye ulemavu pabaya kuliko ilipomkuta. Kwa hiyo nimewaketisha watu wanne kwenye baraza ya shule ya kutwa mjini Tanga, saa kumi jioni, upepo wa baharini ukiwa umeanza. Watu nimewabuni, hoja sikuzibuni.

Mwalimu wa Kompyuta ni dada ambaye hajafika miaka 30. Mwalimu wa Historia haoni tangu utotoni na amebakiza miaka michache astaafu. Mama ni mzazi, anauza chapati na maharage karibu na stendi. Kijana ni mwanawe, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu tangu kuzaliwa.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Shikamoo, Mwalimu. Nimewaomba tukae kabla sijapeleka andiko langu kwa mkuu wa shule. Nataka vipindi sita baada ya masomo. Wanafunzi wacheze gemu, kisha tuzungumze habari za ulemavu.

MWALIMU WA HISTORIA: Marahaba, binti yangu. Utaanzia wapi?

MWALIMU WA KOMPYUTA: Nitazima kioo. Mwanafunzi avae visikilizi, kioo kiwe cheusi, ajaribu kucheza. Apotee, agonge kuta. Dakika kumi tu atajua unayopitia kila siku.

MWALIMU WA HISTORIA: Mimi sigongi kuta kila siku.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Samahani, Mwalimu. Sikukusudia…

MWALIMU WA HISTORIA: Najua hukukusudia, ndiyo maana nataka unisikilize. Zamani, kwenye shule nyingine, waliadhimisha tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, kwa kuwafunga wanafunzi vitambaa vya macho. Wakatembezwa kutoka mwembeni mpaka darasani. Wapo waliocheka, yupo aliyelia. Binti mmoja alipofunguliwa kitambaa alinijia mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, “Pole sana, Mwalimu. Mimi ningekuwa kama wewe nisingeweza kuishi.” Alisema kwa mapenzi yote. Kesho yake niliingia darasani kwao kufundisha Vita vya Majimaji, nikakuta kimya cha msibani. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza swali gumu. Kijana niliyemrudishia daftari lake kwa kufanya uzembe akanijibu, “Ahsante, Mwalimu, Mungu akupe nguvu.” Juzi yake nilikuwa mwalimu wao. Siku hiyo nikawa mgonjwa wao.

MAMA: Lakini walikuhurumia. Ubaya uko wapi?

MWALIMU WA HISTORIA: Mama, anayenihurumia hanipi kazi. Yule binti alionja dakika kumi za kwanza za upofu. Hakuonja fimbo, hakuonja nukta nundu, hakuonja miaka 40 ya kusikia mlango uko wazi au umefungwa kwa jinsi sauti inavyorudi. Ni sawa na kumtupa baharini mtu asiyejua kuogelea, ukamtoa anatapatapa, ukamwambia: umeona maisha ya wavuvi.

Hapa naingilia, kwa sababu maneno ya mzee huyu yana ushahidi. Mwaka 2015 Arielle Silverman, mtafiti wa saikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, alichapisha na wenzake matokeo ya majaribio ya namna hii hii. Waliofungwa macho na kupewa kazi za kufanya waliondoka wakiamini kwamba wasioona wana uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kujitegemea kuliko walivyoamini wenzao ambao hawakufungwa. Mwaka 2017 Michelle Nario-Redmond na wenzake nao walionyesha kwamba mazoezi ya kujifanya mlemavu huongeza huruma, lakini pia huwaacha washiriki na fadhaa, hofu na unyonge, wala hayawafanyi wapende zaidi kukaa na watu wenye ulemavu. Kioo kilichozimwa ni kitambaa kile kile, tofauti yake ni umeme. Mwalimu akilianza somo hivyo, heri asilianze.

MAMA: Mimi nilikuja kwa sababu nimesikia neno gemu. Nina mtoto ambaye saa tisa anatakiwa awe nyumbani, anarudi saa kumi na mbili. Mtaani kwetu kibanda cha gemu kinapakana na mashine za kamari, zile za bonanza. Anayeanza na mpira wa kwenye TV leo, kesho yuko kwenye bonanza na nauli ya shule. Halafu mengine ni ya kuchinjana. Leo shule ndiyo iwape ruhusa?

MWALIMU WA KOMPYUTA: Mama, hofu yako naiheshimu. Na maneno ya Mwalimu yamenivuruga mpango mzima, afadhali yamenivuruga hapa kuliko darasani. Ngoja nieleze jambo jingine. Mwaka 2020 ilitoka gemu inaitwa The Last of Us Part II. Hiyo ni ya watu wazima, ina damu, na siwezi kumkalisha mtoto aicheze. Ninachokitaka ni ukurasa wake wa mipangilio. Kabla mchezo haujaanza, unasomewa kwa sauti. Una vipengele zaidi ya 60: unaweza kufanya mandhari yote yawe kijivu, marafiki wawe buluu na maadui wekundu, ili mwenye uoni hafifu awatofautishe. Kwa kiziwi, manukuu yanasema nani anaongea na yuko upande gani. Kila kitufe unaweza kukihamisha. Na asiyeona kabisa anaongozwa kwa milio mpaka mwisho wa hadithi. Wapo wasioona walioimaliza.

MWALIMU WA HISTORIA: Nani aliwafundisha waundaji kwamba inawezekana?

MWALIMU WA KOMPYUTA: Waliwaita washauri wenye ulemavu. Mmoja wao ni marehemu Brandon Cole, Mmarekani asiyeona. Huyo huyo baadaye akashiriki kwenye Forza Motorsport ya mwaka 2023, gemu ya mbio za magari, akaisaidia ipate mfumo wa kumwezesha asiyeona kuendesha.

MWALIMU WA HISTORIA: Kuendesha gari?

MWALIMU WA KOMPYUTA: Gari la kwenye gemu, Mwalimu. Kona inapokaribia kuna mlio wa kukutaarifu, na mlio wa wakati wa kupunguza mwendo. Ukiegemea ukingo wa kushoto unasikia mlio kwenye sikio la kushoto, ukiegemea wa kulia unausikia kwenye la kulia. Hata gia ina sauti yake.

MWALIMU WA HISTORIA: Hiyo nataka kuisikia.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Kompyuta zetu 12 haziwezi kuibeba. Lakini naweza kuweka video yake. Darasa ligeukie ukuta wa nyuma, kila mmoja awe na karatasi na penseli, wachore barabara kwa kufuata masikio: hapa kona ya kushoto, hapa imenyooka, hapa amefunga breki. Halafu wageuke walinganishe na picha.

MWALIMU WA HISTORIA: Unaona tofauti? Mara ya kwanza ulitaka wajifunze giza. Sasa unataka wajifunze kazi ya masikio. Hiyo nitakuja kukusaidia kuisahihisha, maana wengi watachora kona kubwa kuliko ilivyo.

Kijana alikuwa amekaa pembeni ya ngazi, mkono wa kushoto umelala juu ya paja. Mama yake ndiye aliyemleta, na hakumleta aongee.

KIJANA: Shikamooni. Naomba niseme. Pale kibandani nacheza na rafiki yangu. Pedi moja, watu wawili. Mimi nashika upande wa kulia, napiga pasi na mashuti. Yeye anashika upande wa kushoto, anakimbiza mchezaji. Mwanzoni tulikuwa tunafungwa sita, saba. Sasa hivi anayetaka kucheza na sisi anaweka hela kwanza.

MAMA: Hukuwahi kuniambia.

KIJANA: Ungenikataza, mama.

MAMA: Ningekukataza, ndiyo. (Ananyamaza.) Lakini ningependa kujua kwamba una rafiki wa namna hiyo.

KIJANA: Kuna siku, mwenye kibanda akiwa nje, niliingia kwenye mipangilio ya PlayStation 4. Nikakuta unaweza kubadilisha vitufe, kazi ya hiki ukaipeleka kile. Nikahamisha vya kushoto viwili vije kulia. Nilicheza peke yangu dakika kama tano hivi. Alivyorudi akanifokea kwamba namharibia mashine, akarudisha kama zamani.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Hakuna kilichoharibika. Uwezo huo uko kwenye mashine hizo tangu mwaka 2015. Na mtindo huo wa kushika pedi moja wawili, Xbox waliuweka rasmi mwaka 2017: pedi mbili zinahesabika kama moja, watu wawili wanamwongoza mchezaji mmoja. Ninyi mmeubuni wenyewe kwenye benchi.

KIJANA: Nilichokuwa nataka kuuliza ni hiki. Zile dakika tano, mkono wangu ulikuwa ule ule. Sasa kwa nini niliweza?

Nimelisoma swali hili mara nyingi tangu nilipoliandika, na kwangu ndilo somo zima. Mkono haukubadilika, kilichobadilika ni pedi. Kwenye jengo la ghorofa ni vigumu kumwonyesha mtoto kwamba ngazi ni uamuzi wa mtu: ngazi amezikuta, zimekaa kama mlima. Gemu haina mlima. Kila kilichomo kimewekwa na mtu, na ukurasa wa mipangilio ni mahali unapoweza kumkuta huyo mtu akikubali kwamba aliweka kizuizi na sasa anakiondoa. Unabonyeza, kizuizi kinatoka. Unabonyeza tena, kinarudi. Sijaona chombo kingine cha kufundishia kinachoonyesha jambo hili kwa wepesi huo.

MAMA: Na gharama? Hivyo vifaa vya watu wenye ulemavu vinauzwaje?

MWALIMU WA KOMPYUTA: Microsoft walitoa pedi maalumu mwaka 2018, Xbox Adaptive Controller. Ina vitufe viwili vikubwa kama visosi, unaweza kuvibonyeza kwa kiwiko, mguu au kidevu. Nyuma ina matundu 19 ya kuchomeka swichi za kila aina. Hata boksi lake lilifikiriwa: wabunifu walijiwekea sharti kwamba mtu asilazimike kutumia meno kulifungua, wakaweka vitanzi vya kuvuta. Ilianza kuuzwa karibu dola 100.

MAMA: Dola 100 ni mtaji wangu wa unga na mafuta kwa muda mrefu. Na hizo swichi?

MWALIMU WA KOMPYUTA: Zinanunuliwa mbali.

MAMA: Basi hilo ni somo la watoto wa Marekani.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Kununua, ndiyo. Lakini matundu yale ni ya milimita 3.5, sawa na tundu la visikilizi vya simu. Swichi ni nyaya mbili zinazogusana. Fundi redio yeyote pale sokoni ana pini zake kwenye kopo. Wanafunzi wachukue waya wa visikilizi vibovu, kipande cha boksi, karatasi ya alumini pande mbili na sifongo lenye tundu katikati. Ukikanyaga, alumini zinagusana, ukiachia, zinaachana. Panya ya kompyuta iliyokufa tunaifungua, tunaunganisha nyaya za swichi yetu pale kitufe cha kubofya kilipo. Kijana huyu anabofya kwa mguu.

KIJANA: Mguu wangu uko vizuri sana.

MWALIMU WA HISTORIA: Nami nina langu la bei rahisi zaidi. Mnajua nacheza bao. Mashimo 32, kete 64, umeme hakuna. Kete za komwe ni laini, nazihesabu kwa ncha za vidole. Lakini nilipofika kijiweni mara ya kwanza, wazee wa pale walikataa. Walisema kwao hairuhusiwi kupapasa mashimo, kupapasa ni kuhesabu kwa hila. Nikaondoka. Wiki iliyofuata mzee mmoja akanifuata nyumbani, akasema, “Tumelizungumza. Sisi tunahesabu kwa macho, wewe utahesabu kwa vidole. Na kila mtu atataja shimo analoanzia.” Kuanzia siku hiyo wanataja: naanzia kichwa, nakula, natakata kulia. Namua imebaki namua, mtaji umebaki mtaji, nyumba ina kete zake sita kama kawaida. Nikifungwa nafungwa kweli, wananizomea kweli. Sasa sikilizeni: alikuwepo mzee mwenye mtoto wa jicho. Hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anaaga jua likianza kuzama, tukidhani anawahi msikitini. Tangu watu waanze kutaja mashimo, anacheza mpaka taa zinawashwa.

MAMA: Kumbe hilo la kutaja halikuwa la kwako peke yako.

MWALIMU WA HISTORIA: Wao waliona wananifanyia hisani mimi. Binti yangu, kipindi chako cha kwanza kiwe bao, halafu ndipo uwashe kompyuta. Watakapofika kwenye hiyo mipangilio watakuta kitu wanachokijua.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Nakubali. Cha pili nilifikiria Celeste, ya mwaka 2018. Ni ya binti anayepanda mlima, haina kuuana, na kompyuta zetu zinaimudu. Ina ukurasa wa msaada: unapunguza mwendo wa mchezo mpaka nusu, unaongeza nguvu za kushikilia jabali zisiishe, hata unaweza usife. Ila mwanzoni waundaji waliandika pale kwamba ugumu ndio kiini cha mchezo, wakashauri mtu asiutumie msaada mara ya kwanza. Baadaye waliyabadilisha maneno hayo. Ningependa wanafunzi waandike ya kwao kwa Kiswahili: unamwambiaje mtu atumie msaada bila kumdhalilisha?

KIJANA: Usiuite msaada.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Tuuiteje?

KIJANA: Uite mipangilio tu. Anayepunguza sauti ya TV hamwambii anasaidiwa.

Mwalimu wa Kompyuta aliandika hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Akasema vipindi vitatu vya mwisho wanafunzi wataunda gemu zao kwa Scratch, ambayo ni ya bure na ina Kiswahili. Mwalimu wa Historia akauliza kama yeye ataweza kuitumia. Dada wa watu akashusha pumzi. Scratch imejengwa kwa kuburuta vipande vya rangi kwa panya, na kisoma skrini hakiambulii mengi pale. Basi chombo chenyewe cha kufundishia ujumuishi kinamwacha nje mwalimu mmoja! Wakakubaliana lisifichwe. Liwe zoezi: kila kundi liunde gemu ambayo Mwalimu wa Historia ataweza kuicheza kwa vitufe na sauti hata kama hawezi kuiunda, na kila kundi liandike jinsi ambavyo chombo kingepaswa kuwa ili aweze.

MWALIMU WA HISTORIA: Nina sharti moja. Mnaniita nije kama nani? Nikija kuonyeshwa, siji. Nikija kama mkaguzi, nakuja. Nitacheza, nitakwama, nitawaambia nimekwama wapi, watarekebisha. Na kwenye kusahihisha, usiwaulize walijisikiaje. Waulize kizuizi kilikuwa wapi, nani alikiweka, wamekiondoaje.

MAMA: Na sharti langu mimi, saa kumi na moja wawe wametoka.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Saa kumi na moja kamili. Lakini mkuu wa shule ataniambia kucheza si somo.

MWALIMU WA HISTORIA: Mwambie Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umetaja kucheza kwenye ibara ya 30. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kushiriki michezo na burudani sawa na wenzake, na shule imetajwa humo humo. Wengi wanaishia ibara ya 24, ya elimu. Wasome mbele kidogo.

Mimi niliyewaketisha nina upande, na sitaki kuuficha. Gemu ya kumfanya mtoto ajione kipofu kwa dakika kumi siitaki darasani hata ikiwa bure, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi gani. Gemu inayomfanya mtoto amuulize muundaji “kwa nini umekiweka hapa?” naitaka hata kama shule nzima ina kompyuta moja na mwalimu mmoja anayethubutu. Mtoto huyo akifika getini atauliza nani aliweka kizingiti. Akifika benki, kituo cha basi, ofisi ya kata, atauliza vile vile.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la bwalo. Mama alikwishasimama, anamsubiri mwanawe afunge begi kwa mkono mmoja na meno. Alinyoosha mkono amfungie, kisha akaurudisha. Aliitazama zipu, akaitazama tena, akasema ataitia utepe mrefu pale kwenye kishikizo leo usiku.

MWALIMU WA KOMPYUTA: Mwalimu, kabla hujaondoka. Ukaguzi wako uanzie kwangu. Mimi nakukwamisha wapi?

MWALIMU WA HISTORIA: (Anatoa simu.) Lile kundi la WhatsApp la walimu. Ratiba, matangazo, mabadiliko ya zamu, yote unayabandika kama picha ya karatasi. Ndugu zangu wengine wanasoma. Sikia simu yangu inavyosema.

Akagusa kioo. Simu ikasema: picha. Akateremsha kidole. Picha. Akateremsha tena. Picha.

Mwalimu wa Kompyuta alikaa chini tena kwenye ngazi, akafungua ratiba ya wiki ijayo, akaanza kuiandika upya kwa vidole gumba, neno kwa neno. Ilimchukua dakika nne. Kisha simu ya mzee ikalia mfukoni, akaitoa, akaisikiliza yote: Jumatatu, kipindi cha kwanza, Historia, kidato cha pili B.